Sajini Aliyekula Nje

Sajini alikuwa akimpigia saluti jogoo wa mama yangu. Sisemi mzaha, ingawa najua hapa Gendabi nikisema sisemi mzaha watu huanza kucheka kabla sijamaliza. Jogoo yule alikuwa na tabia ya kuvamia miguu ya watu, na mguu wa kulia wa Sajini ulikuwa na kovu refu kutoka gotini mpaka karibu na kifundo, zawadi ya Uhabeshi. Kwa hiyo kila alipopita kwetu alisimama wima mlangoni pa ua, akagonga kisigino, akapeleka mkono kwenye kofia na kusema, "Afande, naomba njia." Jogoo akamtazama kwa jicho moja. Mara nyingine aliruhusu. Mara nyingine alimkimbiza mtu mwenye nishani ya Mfalme mpaka katikati ya mtama.

Amekufa Burma. Nalisema mapema usije ukacheka sana halafu ukanilaumu. Mimi mwenyewe nikimkumbuka nacheka, kisha nakumbuka nilichowaambia wazee juu yake, na kicheko kinapoa kama ugali wa jana. Mama yake anakohoa siku hizi. Mwalimu anasema ni baridi ya mlima Hanang, kila mtu anakohoa. Sawa. Lakini si kila mtu aliyeletewa ndani ya nyumba yake kile nilichompelekea mimi. Naandika haya kwa kuwa wazee wetu hawasomi, na mama yake hasomi, na karatasi haiwezi kwenda kuwasimulia yenyewe.

Serikali ilikuwa imemrudisha nyumbani ili mguu upone. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, ambaye hakupenda kuona mtu anapokea mshahara amekaa, akamtuma shuleni kwetu atufundishe gwaride. Shule yenyewe ni madarasa manne chini ya paa la nyasi, na bunduki zetu zilikuwa mipini ya majembe. Akipaza sauti "Mguu sawa!" sisi tunautazama mguu wake, ambao haukuwa sawa hata kidogo, na mstari mzima unatikisika kwa kicheko cha kubana. Alijua. Siku ya kwanza alikuja moja kwa moja kusimama mbele yangu, maana kicheko chochote shuleni petu ukikifuata kinakotoka utanikuta mimi. Akasema kwa upole, "Cheka. Jeshini kucheka si kosa. Ila cheka ukiwa umesimama wima, mikono ubavuni, macho mbele." Jaribu siku moja. Utaona kicheko ni kazi ngumu kuliko kulima.

Nilimlipa kwa kumwiga. Nilikuwa natembea nyuma yake nikichechemea, nimetoa kifua, nimekunja nyusi, na wenzangu wakifa kwa kicheko nyuma ya choo. Siku moja akageuka ghafla. Wote wakatawanyika kama kuku, nikabaki peke yangu na mguu hewani.

"Umekosea," akasema.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba. Umekosea. Mimi navuta mguu wa kulia, wewe umevuta wa kushoto. Tena mimi huanza na bega. Tazama." Akanionyesha. "Rudia. Tena. Bega kwanza, bwana we, unachechemea kama mtu aliyekanyaga mwiba, mimi nilikanyaga vita." Asubuhi nzima alinifundisha kuchechemea, mpaka Mwalimu akatoka darasani kuuliza kama nimevunjika. Tangu siku ile sikumwiga tena kwa raha. Mtu akishakusahihisha namna ya kumcheka, hana tena cha kuibiwa.

Alikuwa na maneno yake. Mtoto akishikwa na homa, badala ya pole anamwinamia na kumuuliza kwa ukali, "Nani amekuruhusu kufa?" Mtoto anajibu kwa meno yanayogongana, "Hakuna, Sajini." "Basi usijichukulie ruhusa." Kisha anambeba mgongoni mpaka kwao, na mguu wake ule, akipumzika kila penye jiwe. Mtu akimsifu ushujaa husema, "Nilichelewa kukimbia." Kuhusu vita yenyewe alisema jambo moja tu, kwamba ni kungoja. "Unangoja chakula, unangoja mvua iishe, unangoja amri, unangoja kujisaidia. Siku ukiambiwa usingoje tena, unatamani kungoja."

Nishani aliifunga kwenye leso moja na ugoro wake, kwa hiyo Mfalme akawa ananuka tumbaku. Aliivaa siku mbili tu: siku ya kodi, ili karani amwite mbele asichomeke juani, na siku ya mnada Katesh, ili madalali wamwogope. Watu walimuuliza ameipata kwa nini, na kila mmoja akapata jibu lake. Mwalimu aliambiwa ni kwa kubeba mizigo. Sisi tulielezwa kuwa wazungu walishindana kula nyama ya kopo bila kutapika, na yeye akawashinda. Nami nikaenda kuitangaza habari hiyo mpaka dukani Katesh, kwa uso mkavu, na wapo wanaoiamini mpaka leo.

Alikuwa na tabia nyingine ambayo sikuielewa. Akikaribia kijito alianza kupiga mluzi kutoka mbali, au kukohoa, au kugongagonga fimbo kwenye mawe. Tulidhani anawafukuza nyoka. Siku moja alinikuta nimeinama nachota maji, mgongo wangu kwake, sikumsikia kwa sababu ya upepo, na alipoona nimeshtuka akawa mwekundu, kama mtu mweusi anaweza kuwa mwekundu. Akakaa chini. "Ukichota maji," akasema, "tazama nyuma. Kila mara. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Nikawaambia wenzangu Sajini anaogopa makalio yangu.

Sasa nifike kwenye bakuli.

Kwetu Wairaqw, mtu aliyemwaga damu ya mtu haingii nyumbani kwa mama yake hivi hivi. Haijalishi ni vita, haijalishi nani alimtuma. Anakaa nje, anakula kwenye bakuli lake, anawasha moto wake, mpaka wazee wamsafishe kijitoni kwa kondoo. Na kusafishwa kuna sharti moja. Lazima aseme kwa kinywa chake alichofanya, amesimama ndani ya maji, na mama yake amesimama mbele yake akimmwagia maji kichwani kutoka kwenye kibuyu. Asiyeua hana la kusafishwa, anaingia tu. Aliyeua anasema, anamwagiwa, anaingia. Desturi ina mahali pa watu hao wawili. Haikuwahi kufikiria mtu wa namna ya Sajini.

Siku aliyofika, wazee walimngojea mlangoni pa ua. Nilikuwepo, kila mtu alikuwepo, mtu mwenye buti si wa kukosa kutazamwa.

"Umeua?" mzee mkubwa akamuuliza.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba. Umeua?"

"Nimerudi."

"Kwamba umerudi tunaona. Tunauliza kama umeua."

Sajini akautazama mlango wa mama yake. Nyumba ile ni tembe la zamani, nusu yake imechimbwa ubavuni mwa kilima, na mama yake alikuwa amesimama kwenye giza la mlango akijifuta mikono. "Nimechoka," akasema. "Nitalala wapi?"

Wakampa kibanda cha ndama, nje ya nyumba. Akakifagia, akakizungushia mawe, akayapaka mawe ile chumvi nyeupe ya ziwani mpaka ndama wakaona aibu kurudi. Asubuhi na jioni mama yake alitoka na chakula, akakiweka juu ya jiwe bapa karibu na mlango, akarudi ndani. Yeye akaja na bakuli lake la bati la jeshi, akapakua, akaenda kukaa chini huku ameegemea ukuta. Mama akakaa upande wa ndani, ameuegemea ukuta ule ule. Wakawa wanazungumza hivyo, ukuta katikati.

Mama yake ana ulimi, usidhani ni mtu wa kulialia. "Askari wa Mfalme, umeoga?"

"Nimeoga, mama."

"Uongo. Nakusikia harufu huku ndani na ng'ombe wapo."

Siku moja nilikuwa nakula naye nikamsikia mama akisema polepole zaidi, "Sema lolote, mwanangu. Sema umeua dunia nzima. Nitakumwagia maji mpaka kijito kikauke." Sajini akalitazama bakuli. "Umelala?"

"Hapana, mama."

"Basi jibu."

"Mboga ina chumvi nzuri, mama."

Nilikuwa mtu pekee aliyekula naye kwenye bakuli moja. Usinipe sifa. Chakula chake kilikuwa kingi na cha kwetu kilikuwa kidogo, hilo ndilo lilikuwa ushujaa wangu. Mama yangu alinionya: "Ukila naye, utalala naye huko huko kwa ndama." Baba akanisogezea tu kata ya maji ya peke yangu. Mwalimu alituambia darasani kuwa mambo hayo ni giza la zamani, mtu aliyesoma hayaogopi. Sajini alipokwenda kumtembelea, Mwalimu akamkaribisha kwa furaha, akamwekea chai kwenye kikombe kilichovunjika mkono, na baadaye nikakiona kikombe kile kikiwa juu ya paa la banda la kuku. Mwalimu alikuwa amesoma, lakini vikombe vyake havikuwa vimesoma.

Jirani zetu Wabarabaig, wale wafugaji wa bondeni, waliposikia kuwa kuna mtu ametoka vitani na serikali imemvisha nishani, hawakuelewa kwa nini amelazwa kama ndama mgonjwa. Kwao aliyeua adui wa watu wake hupakwa mafuta na kuvishwa mapambo ya wanawake, na ndugu humpa ng'ombe. Basi akaja mzee wao mmoja na wake zake, wameleta siagi kwenye kibuyu, shanga, bangili za shaba, na mtamba mmoja mweusi aliyenona mpaka mbavu zake hazihesabiki. Nikaitwa kutafsiri, kwa kuwa nimechunga na watoto wao na Kibarabaig nakijua hasa upande wa matusi.

Mzee akasema, "Mwambie tumekuja kumheshimu. Atuambie tu adui wake alimwacha wapi, na alikuwa mtu gani, tumwimbie."

Nikamtazama yule mtamba. Nikamwambia Sajini, "Wanasema pokea."

Sajini akaniangalia. "Mzee amesema maneno mengi, wewe umeleta moja. Mengine umeyaweka wapi?"

Nikamwambia yote. Wanawake walikuwa wameshamvisha bangili na mmoja ameshika siagi tayari. Akazivua moja moja, akamrudishia kila mmoja zake, tena kwa mikono miwili. Akasimama wima akampigia yule mzee saluti. "Mwambie nashukuru. Mwambie sina wimbo."

Mzee aliumia, niliona. Akaondoka hatua chache, akageuka. "Watu wenu wanamweka nje kwa sababu labda ameua," akasema. "Sisi tunamkaribisha kwa sababu hiyo hiyo. Yeye mwenyewe anakaa upande gani?" Sikuitafsiri. Nilikuwa namsindikiza mtamba kwa macho kama mchumba anayehama.

Mguu ukapona kiasi cha kupona. Bwana Shauri alimwambia kuwa akitaka, kuna kazi ya utarishi Mbulu, avae kaki yake na abebe barua, basi. Mtu yeyote angeshukuru. Yeye akaomba kurudi kwenye kikosi chake. Nilimwita mwendawazimu mbele ya uso wake, kwa heshima, nilianza na shikamoo. Akacheka. "Kule ni nafuu," akasema. "Kule hakuna anayemwekea mwenzake bakuli nje. Wote tuko nje."

Asubuhi ya safari mama yake alitoka mpaka kwenye jiwe bapa, akasimama upande mmoja, yeye upande wa pili. Hawakugusana. Mama akamwambia, "Usiniletee mguu mwingine mbovu, nimechoka kupika dawa." Akarudi ndani haraka.

Mimi nilimbebea sanduku mpaka Katesh, kungoja lori. Tulikaa kwenye baraza ya duka la Mwislamu mmoja ambaye baba yake alikuja na punda kutoka Kondoa. Alikuwa hamtozi askari chai, akatuletea na mandazi. Nikaona huu ndio wakati.

"Sajini, wewe ni mtu mzima na mimi ni mjinga wa darasa la nne. Niruhusu niulize."

"Uliza, mjinga."

"Si ungesema tu hukuua? Nani angefunga safari mpaka Uhabeshi kuhakikisha? Ungeingia ndani, ungekula na mama yako."

Akakoroga chai muda mrefu. Haikuwa na sukari ya kukoroga.

"Siku ile ya nishani," akasema, "asubuhi nilitumwa mbele peke yangu kuangalia kijito. Nikamkuta mtu ameinama, anachota maji kwa debe. Askari wa upande wa adui, lakini mweusi kama mimi. Bunduki yake alikuwa ameiegemeza kwenye jiwe, mbali. Alikuwa anaimba kidogo kidogo. Mimi nilikuwa nimefundishwa kutembea nisisikike, na nilifundishika vizuri."

"Ukampiga?"

"Risasi ilipita ikatoboa na debe. Yeye alikuwa ameshaanguka, maji bado yanatoka." Akanywa chai. "Mchana ndipo nikabeba wenzetu waliojeruhiwa, nikapigwa mguu, nikapewa nishani. Nishani ni ya mchana. Asubuhi hakuna aliyeuliza."

"Wazee waliuliza."

"Ndiyo. Wazee tu ndio waliouliza."

"Basi ungewaambia wao! Kondoo mmoja, umemaliza."

"Wazee ningewaambia hata leo. Lakini nitasimama kijitoni na mama yangu atakuwa ameinama anajaza kibuyu." Akaniangalia kama anaomba nimsaidie kumaliza. "Umewahi kumsikia mama yangu akichota maji? Naye huimba."

Nina mdomo ambao Mwalimu ameuchapa mara nyingi na haujawahi kukosa la kusema. Siku hiyo ulikosa, kisha, kwa sababu hauwezi kuvumilia kukosa, ukasema, "Bora debe lingekuwa la mafuta ya taa, usingesikia kiu." Halina hata maana. Sajini akacheka, kicheko cha kunisaidia, kama unavyomshika mkono mtoto aliyejikwaa. Lori likaja. Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia mtu yule hapa duniani, na ningetoa meno yangu ya mbele nilirudishe.

Habari ililetwa na tarishi wa serikali, ameketi juu ya baiskeli hakushuka, kwa jumbe, na jumbe akaja kwa miguu. Baada ya miezi likaletwa begi la turubai lenye vitu vyake: fulana, wembe, bakuli lile la bati, leso yenye nishani bado inanuka ugoro. Ndugu zake walilipokea, wakalifikisha kwenye jiwe bapa, wakaliacha hapo. Mtu aliyekaa nje hajasafishwa, vitu vyake haviingii. Na kama vitu vyake haviingii, mama hawezi kunyoa nywele wala kukaa msiba, maana msiba hukaliwa ndani, pamoja na aliyekufa.

Mama yake hakubishana na mtu. Alitoa ngozi yake ya kulalia, akaitandika nje karibu na lile begi, akakaa. Wakamwambia aingie. Akasema, "Yeye alikaa huku peke yake, nami nilikuwa ndani nimejifunika. Safari hii tutakaa wote." Na masika yalikuwa yameanza. Kila asubuhi nikienda shule nilimwona, amelifunika begi vizuri kuliko alivyojifunika mwenyewe. Akaanza kukohoa. Nikipita alinisalimu kwa mzaha, "Mwanafunzi, bado hawajakufukuza?" na mimi nikajibu mzaha, na nikifika mbele nakaa chini ya kichaka nachelewa shule.

Ndugu wakaona atakufa pale, wakawaita wazee. Wazee wakakaa, wakazunguka, wakafika mahali walipokuwa wamefika siku ile ya kwanza: aliua au hakuua? Kama aliua, begi likafukiwe mbali, ng'ambo ya mpaka, na jina lake lisitajwe tena nyumbani. Kama hakuua, liingie leo. Mzee mkubwa akauliza, "Nani alikula naye?"

Wote wakanigeukia. Mama yake pia, kutoka pale kwenye ngozi.

"Wewe," mzee akasema. "Wewe unayecheza na kila kitu. Sicheki nawe."

"Shikamoo, babu. Mimi pia sicheki."

"Alikuambia aliua?"

Ningeweza kusema sijui. Sijui ni neno jepesi, nimelitumia shuleni maisha yangu yote. Lakini sijui ingemwacha mama yake kwenye mvua. Na kweli ingelifukia begi porini, na mama yule angetaka kujua habari yote, nami ningelazimika kumwambia kuhusu debe.

"Aliniambia hakuua mtu," nikasema.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo. Katesh, dukani, siku ya lori. Alisema alibeba wenzake tu."

"Mbona hakutuambia sisi?"

"Aliona aibu," nikasema. "Askari aliyekwenda vitani na hakuua mtu. Aliogopa tutamcheka. Mimi ningemcheka."

Hilo ndilo walilolisadiki. Nililiona likiwaingia usoni, mmoja baada ya mwingine. Wananijua.

Wakanong'onezana. Halafu mzee mkubwa, ambaye si mjinga, akasema, "Vema. Basi wewe uliyesema, wewe ulibebe. Uingie nalo kwanza. Kama ni kweli, hakuna neno. Kama ni uongo, utakuwa umeiingiza damu ile mwenyewe, nayo itakukamata wewe na mwenye nyumba."

Na mwenye nyumba. Nilimtazama. Alikuwa ameshasimama, anakunja ngozi yake.

Nikalinyanyua. Lilikuwa zito kwa maji ya mvua. Nikainama mlangoni, maana mlango wa tembe lile ni mfupi, nikaingia gizani, kwenye moshi na harufu ya ng'ombe, mahali ambapo Sajini hakuingia tangu arudi na mimi naingia na miguu yenye tope. Mama yake akaingia nyuma yangu, akarudisha mlango. Wengine walibaki nje, kama desturi. "Weka pale," akasema, akanionyesha kitanda cha fito kwenye kona, kimetandikwa. Kilikuwa kimetandikwa siku zote. Nikaweka.

Akakaa karibu na moto, akaanza kuchochea. Nilidhani sasa atalia, nikatafuta namna ya kutoka.

"Sasa niambie mimi," akasema. "Wao wako nje. Alisemaje?"

Mara ya kwanza nilikuwa na watu, na mtu kama mimi akiwa na watu mdomo unakwenda wenyewe. Sasa hapakuwa na mtu wa kucheka wala wa kusadiki, ila yeye, na uso wake upande wa moto, na kile kikohozi. Nikasema tena. Neno kwa neno. "Alisema hakuua mtu, mama. Alibeba wenzake tu."

Hakunitazama. Alikaa akiutazama moto mpaka nikaanza kusikia ng'ombe wakitafuna. Kisha akavuta chungu, akanimiminia uji wa mtama, akanipa kwa mikono miwili kama mtu mzima. "Basi kunywa," akasema. "Umetembea kwenye mvua."

Nikanywa. Ulikuwa wa moto, una maziwa, na mimi sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nikarudisha chombo kitupu nikaomba aniongezee, na hapo sikuwa nasema uongo.